Washika na Wasemi wa Lindani

Lindani haina mfalme, na wenyeji wake hukwambia hivyo kabla hujauliza. Wana mto mmoja mwekundu unaoizunguka nchi nzima na kurudi ulikoanzia, na juu ya mto huo zinaelea ngome. Ngome ndizo jeshi lao. Kila ngome ni ya duara, ukuta wake ni laini na hutikisika kidogo ukiugusa, na ndani yake kuna moto usiozimwa. Nilipokelewa katika mojawapo ya ngome hizo kwa ukarimu ambao sijauona kwingine. Walinipa chakula, wakanipa pa kulala, na hakuna hata mmoja aliyenitazama usoni.

Nilidhani ni adabu. Baadaye nikafahamu kwamba ni sheria.

Nchi hiyo imevamiwa mara nyingi na watu waitwao Wajipenyezi, ambao ni hodari wa kuiga nyuso za wenyeji. Kwa sababu hiyo wazee wa Lindani walikata shauri kwamba uso si ushahidi. Ushahidi ni panda. Panda ni kijiti chenye umbo la manati, ncha mbili mbele na mkia mmoja nyuma. Kandokando ya mto wanaishi mafundi wanaoitwa watupa panda, na kazi yao ni kumtambua mgeni na kumrushia panda. Zile ncha mbili humng'ang'ania, na mkia hubaki ukining'inia nje. Mlinzi akifika hana haja ya kumtazama aliyenaswa. Anaushika mkia, basi.

Walinzi wenyewe hufanya kazi wawili wawili. Wa kwanza huitwa Mshika. Yeye husimama nje ya ukuta wa ngome, mikono yake mirefu imenyooshwa, kofia imemfunika macho mpaka puani. Sauti yake haifiki ndani, kwa kuwa ukuta huimeza. Anayemsikia ni mtu mmoja tu, Msemi wake, aliyeketi upande wa pili wa ukuta huohuo, penye tundu dogo. Msemi ana sauti inayosikika ngome nzima, lakini mikono yake imeshonewa ndani ya kanzu tangu siku alipoajiriwa, ili asije akashika kitu mwenyewe. Kamba moja inawafunga wote wawili viunoni. Na sheria inasema hivi: Mshika asiye na Msemi hasimami ukutani hata kwa saa moja.

Mimi nilipewa nafasi penye tundu lilelile, hata sauti ya nje ikanifikia, karibu na Msemi mmoja aitwaye Bi Salha, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye kicheko cha ghafla. Mshika wake aliitwa Makame. Walikuwa wamefungwa kamba moja tangu ujana wao na hawajawahi kuonana.

"We Makame," alisema asubuhi ya kwanza, mdomo ukiwa kwenye tundu. "Umeshika kitu huko, au unajikuna?"

"Nimeshika mkia."

"Mkia wa nini?"

"Salha, mkia ni mkia. Ukitaka habari za kichwa nenda kaulize mbele."

Bi Salha alicheka mpaka kamba ikatikisika. "Umesikia, mgeni? Huyu ndiye mwanamume niliyepewa. Hajui ameshika nini, na mimi ndiye ninayesimama kulieleza jeshi."

Nilimuuliza kama panda moja inatosha kuiamsha ngome. Akasema haitoshi, na kwa hilo nilifurahi. Mkia mmoja ni bahati mbaya, alinieleza. Lakini Washika kadhaa waliosimama pamoja wakishika mikia iliyosongamana, kamba zao husokotana, na hapo hupita mtu aitwaye Mtia Doa, akamchovya Msemi madoa mawili mekundu shingoni. Ni lazima yawe mawili. Msemi mwenye doa moja akipiga kelele mpaka koo likauke, mlinda moto humwambia kwa upole, "Subiri la pili, dada." Akishapata la pili, mlinda moto huja kuketi karibu naye, miguu yote miwili sambamba na yale madoa, na kuanzia hapo hakuna anayeuliza tena swali lolote. Moto unatoka.

"Na ikiwa mmekosea?"

 Bi Salha alinionyesha kwa kidevu nafasi zilizokuwa tupu ukutani, moja hapa, nyingine kule, kama mapengo ya meno.

"Hapo walikuwa wakisimama Wanyamazishi," alisema. "Wao walishika mikia ileile tunayoishika sisi. Ila wao hawakuhitaji Msemi, walijisemea wenyewe, na neno lao lilikuwa moja: Basi. Mnyamazishi akishika karibu nasi, akisema Basi, yale madoa yanafutwa shingoni kwa kitambaa, na mlinda moto anarudi kwake."

"Wamekwenda wapi?"

"Wamepunguzwa. Walisemekana kuchelewesha."

Ngome yetu ilitia nanga penye mji wa Baraza, nami nikapata ruhusa ya kuhudhuria kikao. Siku hiyo lilisikilizwa ombi la mwanamke mmoja kutoka mji wa Chujioni, Bi Mwanakombo binti Faki. Huko Chujioni ndiko maji ya mto mwekundu yanakochujwa. Kila nyumba ina chujio la nyuzi nyembamba kuliko unywele, lililotandazwa juu ya mkondo. Taka hupita kwenda zake, na vilivyo vyema hubaki mtoni. Nchi nzima inaishi kwa kazi hiyo, na nchi nzima haiijui. Bi Mwanakombo alisimama mbele ya wajumbe akiwa na mikono iliyokunjamana kwa maji, akazungumza bila karatasi.

Alieleza jambo ambalo sikuwa nimelisikia. Katika kila nyumba ya Lindani, chumba cha ndani kabisa, huhifadhiwa ukili, utepe mrefu uliosukwa kwa miyaa, yaani majani ya mkindu, ya rangi nne, umekunjwa na kukunjwa tena mpaka ukaenea ndani ya kikapu. Katika msuko wa ukili huo umo ujuzi wote wa nyumba: jinsi ya kuezeka, jinsi ya kupika, nani alimzaa nani. Hautolewi nje. Hata jirani hauoni. Nyumba ikifa, wafagiaji wanatakiwa waje upesi waufunge ukili na kuuzika. Lakini tangu vita vya mwisho wafagiaji wamekuwa wazito, na kili hizo za marehemu zinaachwa zielee mtoni.

"Watupa panda hawajawahi kuona ukili wa mtu," alisema Bi Mwanakombo. "Wangeuona wapi? Kwa hiyo wanauona ukipita, wanasema, hiki kitu kigeni. Wanautupia panda. Maji yanauleta kwangu. Unanasa kwenye chujio langu. Mimi naamka nakuta mikia imesimama kama miiba ya nungu. Sina ugomvi na mtu. Lakini ngome ikipita hapo, itachoma."

Mkuu wa Baraza, Bwana Shaame, mzee msafi mwenye sauti ya upole, alimuuliza, "Binti Faki, unasema panda imekosea?"

"Nasema ule ukili wa juu kabisa ni wa nyumba ya Mize. Mize ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja. Nimeutambua msuko kwa sababu aliyeusuka ni mama yetu."

"Sikukuuliza habari za mama. Nimeuliza kama panda imekosea."

"Imekosea."

Minong'ono ikapita ukumbini. Bwana Shaame aliiacha itulie, kisha akaeleza, bila hasira hata kidogo, kwamba ikikubalika panda moja imekosea, basi zote zitakuwa na shaka, na nchi yenye panda za shaka imekwisha kuvamiwa. Kwa hiyo kukosea kwa panda ni jambo lisilowezekana kwa manufaa ya umma.

Bi Mwanakombo hakubishana. Alisema, "Sawa. Basi msizing'oe. Nirudishieni Wanyamazishi tu kwenye ngome zinazopita kwangu. Hata mmoja kwa kila ngome."

Hapo mjadala ukawaka. Mjumbe mmoja alisema Mnyamazishi ni mtu wa kutiliwa shaka kwa maumbile yake, kwa kuwa anakula chakula cha walinzi, anasimama na walinzi, na anazuia walinzi. Mwingine akakumbusha kwamba katika vita vya mwisho ngome moja ilichelewa kwa sababu ya Basi, na kijiji kikapotea. Hilo lilikuwa kweli, na watu waliinamisha vichwa. Ndipo akasimama Bi Hidaya, mjumbe mzee kuliko wote, akasema, "Na vijiji vilivyopotea kwa kukosa Basi, nani anavihesabu? Vile havina hata mtu wa kuinamishiwa kichwa, maana tulivichoma wenyewe."

"Bi Hidaya," alisema Bwana Shaame, "tafadhali tusitie uchungu kwenye jambo la utaratibu."

Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka wa wageni. Sikuweza kuvumilia. Nilisimama, nikaomba radhi, nikasema kwamba labda ingetosha mlinzi kuinua kofia yake kidogo tu na kutazama kilicho mbele ya mkia kabla ya kuita moto.

Walicheka, wala si kwa ubaya. Walicheka kama watu wanaomcheka mtoto wa mwenzao. "Mgeni anataka walinzi wawe na macho!" alisema mmoja akijifuta machozi. "Kisha watachagua, baba! Watamwonea huruma huyu, watamchukia yule. Sisi hapa hatubagui."

Ombi halikukataliwa. Liliundiwa kamati. Kamati itaanza kazi ngome zote zitakapotulia, ili uchunguzi usivuruge ulinzi. Bi Mwanakombo alishukuru, kama inavyompasa mwombaji, akajifunga kanga yake upya na kutoka. Nje nilimkimbilia, nikamwambia kwamba nilikuwa na hakika kamati ingeelewa, maana alichosema kilikuwa wazi mno.

Alinitazama usoni. Alikuwa mtu wa kwanza katika nchi ile kufanya hivyo. "Umetoka mbali, mwanangu?"

"Mbali sana."

"Mungu akuweke na moyo huohuo," alisema, akaenda zake kuwahi chujio.

Ngome yetu ilifika Chujioni kabla kamati haijapata mwenyekiti. Nilijua tumefika kwa sababu mkondo ulipungua na ukuta ukaanza kubonyea, ukijibana kupita kwenye njia nyembamba baina ya nyumba. Kupitia ufa mdogo karibu na tundu la Bi Salha niliziona zile nyuzi, nyeupe juu ya nyeupe, nzuri kama utando asubuhi yenye umande. Juu yake ulilala ukili, nusu umekunjuka, rangi zake nne bado zinang'aa, na umechomwa panda kila upande. Bi Mwanakombo alikuwa amesimama mbele yake amenyoosha mikono, kama mtu anayezuia kuku wasiingie shambani.

"Salha," alisema Makame kutoka nje. "Nimeshika."

"Mmoja?"

"Mmoja. Na jirani yangu ameshika. Na wa pili yake. Salha, mikia ni mingi, inagusana."

Nikaiona kamba ikianza kusokotana na za wengine. Bi Salha alivutwa mbele mpaka paji la uso likagonga ukuta. Mtia Doa alikwisha kuwa mlangoni na kikopo chake.

"Makame, achia."

"Mikono haiachii. Unajua hivyo. Ikishika imeshika." Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Kuna mwanamke huku. Anapiga kelele."

"Anasemaje?"

"Anasema huu ni ukili wa dada yake. Anataja jina. Mize. Anasema Mize alikuwa na mtoto kiziwi aliyependa kupiga ngoma. Salha, Mjipenyezi anajuaje kitu kama hicho?"

Mtia Doa alikuwa mwenye haraka na hakuwa mtu mbaya. Alimchovya doa la kwanza, akamchovya la pili, akasema, "Haya dada, kazi," akasogea kwa Msemi mwingine. Mlinda moto alikuja akaketi karibu na Bi Salha, miguu sambamba, mikono magotini, akingoja. Alingoja kwa heshima.

Nilipiga magoti. Nilimwambia, "Bi Salha, usiseme. Nakuomba."

"Nikinyamaza nitatolewa, na yeye atatolewa siku hiyohiyo," alisema, na ilikuwa wazi kwamba alikuwa anaongea na tundu zaidi kuliko na mimi. "Makame. Umesikia? Wote wawili."

"Nimesikia."

"Useme basi."

"Mimi niseme nini? Msemi ni wewe."

Alicheka, kicheko chake kilekile cha ghafla, kisha akafunga mdomo. Aliufunga kama mtu anayefunga mlango wa nyumba anayohama. Mlinda moto alimngoja, akamtazama shingo, akayatazama madoa, akahakikisha kwamba ni mawili. "Dada?" alisema. "Dada, sema." Hakusema.

Nilifikiri tumeshinda. Nakiri kwamba kwa muda mfupi nilisimama katika ngome ile nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena. Kisha Msemi wa kushoto akapaza sauti, na wa kulia, na yule wa mbali ambaye Mshika wake alikuwa ameushika mkia mmoja tu. Hawakuwa na la kujutia. Hawakusikia jina la Mize, maana ukuta uliimeza sauti ya kila Mshika isipokuwa kwa Msemi wake, na Washika wao hawakuwa wamesikiliza. Mlinda moto aliinuka akaenda kuketi kwingine. Milango ya moto ikafunguliwa.

Sitaeleza nilichokiona kwenye ufa. Nyuzi zile hazikulia. Zilijikunja tu, moja baada ya nyingine, na sauti ya Bi Mwanakombo iliendelea kulitaja jina mpaka moshi ukamzuia.

Bi Salha na Makame walitolewa kabla moto haujapoa, kwa sababu sheria ni sheria. Ukuta ulifunguka kidogo, Makame akavutwa ndani kwa kamba. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Hapo pana kisima katikati ya ngome, chenye maji makali yanayoyeyusha mwili tu, na waliotolewa hushushwa humo ili vifaa vyao vitumike kwa wengine. Askari waliowasindikiza walikuwa wapole, wakawapa nafasi ya kupumua.

"Uko wapi?" alisema Makame, kofia bado imemfunika.

"Huku. Fuata kamba, mzee."

Aliifuata kwa vidole mpaka akafika. Mikono ile, iliyokuwa haijawahi kugusa kitu isipokuwa mkia, ilipanda polepole kwenye bega la Bi Salha, ikapita shingoni palipokuwa na madoa mawili, ikasimama kwenye shavu. Akampapasa paji la uso, pua, na nyusi.

"Kumbe una pua kubwa," alisema.

"Na wewe una mikono ya baridi. Ndiyo maana watu wanakukimbia."

Wakashuka pamoja. Nililia hadharani, na hakuna aliyenicheka, kwa kuwa hakuna aliyenitazama.

Baada ya hapo mto ulianza kutoka povu. Kwenye matundu yaliyotobolewa na moto katika chujio vitu vyema vya nchi vilikuwa vikianguka na kupotea, na maji yakaacha kukaa mtoni, yakatambaa kwenye mashamba na vyumbani mwa watu. Katika mji wa Baraza miguu ya watu ilivimba. Bwana Shaame alihutubia akiwa ameketi, miguu juu ya mto wa sufi, akasema ni dhahiri kwamba ni hujuma ya Wajipenyezi, na watupa panda waongeze kazi. Waliongeza. Lakini uvimbe ulipomfika magotini, kamati ilipata mwenyekiti asubuhi na ikamaliza kazi yake kabla ya adhuhuri. Ombi la Bi Mwanakombo binti Faki lilikubaliwa kama lilivyo: Mnyamazishi mmoja kwa kila ngome inayopita Chujioni.

Nilirudi huko na ngome yetu. Mahali aliposimama Makame sasa alisimama mwanamume mkimya wa umri wa baba yangu, aliyekuwa ameondolewa kazini miaka mingi akawa anafuga njiwa. Nyumba ya Bi Mwanakombo ilikuwa bado imesimama. Sehemu kubwa ya chujio ilikuwa makovu, ngumu na nyeusi, isiyopitisha kitu. Pembeni zilibaki nyuzi chache zilizo hai, na yeye alikuwa ameinama juu yake akizifunga fundo, akichuja maji kwa hizo chache. Juu yake panda mpya zilikuwa zimekwisha kunasa, na kandokando bado palifuka, kwani ngome nyingine, iliyokuwa bado haijapata Mnyamazishi wake, ilipita siku hiyohiyo kabla yetu.

Mnyamazishi alishusha mikono yake akashika mikia. Washika wa kulia na kushoto wakashika pia, kamba zikaanza kusokotana, nikamwona Mtia Doa akiinuka na kikopo. Ndipo yule mzee akasema, si kwa nguvu, "Basi."

Ngome nzima ikanyamaza. Madoa yakafutwa. Mlinda moto akarudi kwake. Ilikuwa rahisi kiasi hicho, na nadhani urahisi wake ndio uliomuumiza Bi Mwanakombo, kwa sababu aliketi chini ghafla juu ya majivu, kanga mdomoni, mabega yakimtikisika, na mzee yule aliyefunikwa macho akabaki ameinama kutoka ukutani, hajui alichokosea.

"Mama," alisema. "Nimekuja kusaidia. Nishike wapi?"

Bi Mwanakombo alijifuta uso, akainuka. Akauchukua mkono wa mzee, akautoa kwenye mikia, akauweka kwenye nyuzi.

"Shika hapa, ndugu yangu," alimwambia. "Taratibu. Bado pa moto."